Usipige window kabla hujajua diski inaumwa nini

Mama mmoja anayenunua dagaa na migebuka kwenye mwalo wa Kibirizi alinijia asubuhi moja hapa Mwanga, Kigoma, laptopu yake ameiviringisha kwenye kanga kama mtoto mchanga. Nikamkaribisha kiti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii mashine imenichosha. Naiwasha, nachemsha chai, nakunywa, nikirudi bado inazunguka tu. Nipigie window niondoke nayo, jioni nina watu wa kuwalipa."

"Ndani kuna nini, mama?"

"Hesabu zangu za miaka minne. Ila hizo hazina shida, kijana aliyeniuzia aliniwekea kwenye D."

Nikaiwasha, nikainamisha sikio karibu na kona ya kibodi, pale diski inapokaa. Ilizunguka vizuri kwa muda, halafu tik. Kimya. Tik tena, ikifuatiwa na mtetemo mdogo wa kitu kinachojaribu kuinuka na kushindwa. Kisha ikaendelea kama hakuna kilichotokea. Nikaizima palepale, mama akiniangalia kwa mshangao. Sikumpigia window siku ile, yaani sikuifuta Windows na kuipanda upya. Niliyomweleza ndiyo haya, nikiongeza yale ambayo asubuhi ile hatukuwa na muda nayo, kwa sababu kila mwezi naona watu wanaopoteza kazi za miaka kwa kuharakia tiba kabla ya kujua ugonjwa.

Nianze na hiyo D, maana imeshaliza wengi. Mafundi wengi huigawa diski moja sehemu mbili: C inabeba Windows, D inabeba mafaili ya mwenyewe. Mgawanyo huo una faida moja ya kweli. Windows ikiharibika, fundi anaweza kuifuta C na kuipanda upya bila kugusa D. Lakini C na D ni vyumba viwili vya nyumba moja. Paa likianguka halichagui chumba. Diski ikifa, zote mbili zinakwenda siku moja, na aliyekuwa na nakala moja C na nyingine D hakuwa na nakala hata moja. Mama alipolielewa hilo alinyamaza, akavuta kiti karibu.

Dalili moja, magonjwa mawili

Laptopu inachelewa kuwaka, inastaki, inajizima, inaleta skrini ya bluu. Kwa dalili hizo, ugonjwa unaweza kuwa wa mfumo: virusi, programu zilizorundikana, sasisho lililokatika katikati. Hapo kupiga window ni tiba halali. Lakini dalili hizohizo huletwa na diski inayokufa, na hapo kupiga window kunamalizia kilichobaki.

Diski ya aina ya zamani, ile inayozunguka, ina sahani zilizopakwa utando wa sumaku. Kwenye laptopu huwa zinazunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Juu ya kila uso wa sahani huelea kichwa cha kusomea, na nafasi kati yake na sahani ni nanomita chache tu. Chembe ya vumbi usiyoiona kwa macho ni mlima hapo. Ndiyo maana laptopu iliyowekwa kwenye begi ikiwa haijazimwa, kisha ikapanda bodaboda kutoka Mwanga hadi Ujiji na matuta yake yote, inaweza kufika na majeraha ambayo hayatajulikana hadi wiki mbili baadaye.

Data hukaa kwenye vipande vidogo vinavyoitwa sekta, kila kimoja baiti 512 au 4,096. Sekta ikianza kuharibika, diski haikati tamaa haraka. Inarudia kuisoma tena na tena, pengine kwa sekunde kadhaa, kabla ya kukiri imeshindwa. Sekunde hizo ndizo unazoziona wewe kama kuganda. Windows inasubiri jibu la diski, na wewe unaisubiri Windows. Kwa hiyo uzito ule wa mashine ya mama haukuwa uchovu wa programu hata kidogo. Ulikuwa mkono unaopapasa gizani.

Kuna jambo jingine linalowachanganya hata mafundi. Kila diski hutoka kiwandani na sekta za akiba. Ukiandika kitu juu ya sekta mbovu, diski huiacha na kutumia moja ya akiba, bila kumwambia mtu. Matokeo yake, ukifomati na kupiga window kwenye diski inayokufa, mara nyingi kazi inakubali. Mashine inawaka haraka, mteja anafurahi, fundi analipwa. Baada ya wiki chache akiba inakwisha na diski inazimika moja kwa moja. Na katika ule ufungaji, gigabaiti nyingi za mfumo mpya zimeandikwa juu ya mafaili ambayo yangeweza bado kuokolewa.

Kujua ni ugonjwa upi si kazi ngumu. Diski zina kumbukumbu ya afya yao inayoitwa SMART. Kwenye Windows, programu ya bure ya CrystalDiskInfo inaisoma: buluu ni nzima, njano ni tahadhari, nyekundu ni mbaya. Mimi huangalia mistari mitatu hata kama rangi ni ya buluu: namba 05, sekta zilizokwishahamishiwa akiba, C5, sekta zinazosubiri hukumu, na C6, sekta zilizoshindikana kabisa. Angalia vizuri, kwa sababu kwa kawaida programu hii huandika idadi kwa namba za kompyuta za msingi wa kumi na sita. Mstari wa C5 wa mashine ya mama ulisoma 148 mwishoni, na hiyo si mia moja arobaini na nane, ni 328. Sekta 328 zilikuwa zinasubiri hukumu.

Rangi ya buluu nayo isikulaze usingizi. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha matokeo ya kufuatilia zaidi ya diski laki moja, wakakuta zaidi ya asilimia 56 ya zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata alama moja kwenye vipimo vinne walivyoona vina nguvu zaidi ya kutabiri. SMART ikisema diski inaumwa, iamini. Ikisema ni nzima huku masikio na macho yako yakikataa, amini masikio na macho.

Diski za SSD, zile mpya ambazo hazina kinachozunguka, huugua kimyakimya. Hazilii. Nyingine hujifunga zisiandikwe tena lakini zikakubali kusomwa, na hiyo ni bahati kubwa. Nyingine hupotea ghafla, leo ipo na kesho mashine inasema haina diski. Tena SSD nyingi hujisafisha zenyewe baada ya faili kufutwa, kwa hiyo kilichofutwa humo kwa kawaida ndiyo basi tena.

Pumzi zilizobaki

Diski inayokufa ina pumzi ya kuhesabu, hakuna anayejua ni ngapi, na kila dakika inayowashwa inatumia mojawapo. Kwa hiyo swali la kwanza ni pumzi hii tunaitumia kwa kazi gani.

Watu huitumia vibaya kwa nia njema. Anayewasha na kuzima mara kumi kuona kama itakubali, anaitumia. Anayepitisha antivirusi diski nzima, anaitumia. Anayepanga upya vipande vya mafaili ili mashine iwe nyepesi, anaitumia vibaya zaidi. Lakini kosa ninaloliogopa kuliko yote ni amri ya chkdsk, ile ya Windows ya kukagua diski, hasa ikiwa na kiambishi cha /r. Amri hii ni nzuri kwa diski nzima yenye mpangilio uliovurugika. Kwenye diski inayokufa inapita kila sekta na kuilazimisha isome, halafu inarekebisha orodha ya mafaili palepale kwenye mgonjwa. Nimeshaona folda ya picha za harusi ikigeuzwa kuwa vipande visivyo na majina. Windows yenyewe wakati mwingine huianzisha inapowaka. Ukiona inahesabu asilimia na unajua diski ni mbovu, zima.

Na tafadhali, usiiweke kwenye friza. Ushauri huo unazunguka tangu enzi za diski za zamani. Diski ikitoka kwenye baridi kuja kwenye joto letu la ziwani, unyevu unageuka matone juu yake, na nimeshakueleza nafasi iliyopo kati ya kichwa na sahani.

Ikiwa diski inagonga mfululizo kwa mdundo mmoja na mashine haiioni kabisa hata kwenye BIOS, ule mfumo mdogo unaoamka kabla ya Windows, acha. Hakuna programu ya kufufua kichwa kilichokufa. Kazi hiyo inahitaji kufungua diski katika chumba kisicho na vumbi, na anayeifungulia mezani, hata awe fundi hodari kiasi gani, anaichimbia kaburi. Ila kwanza hakikisha si njaa ya umeme: diski ya nje iliyochomekwa kwenye tundu dhaifu la USB nayo hugonga. Badilisha tundu, badilisha waya, jaribu mara moja.

Mafaili yanakaa wapi kweli

Hapa nina jambo langu mwenyewe. Miaka ya nyuma, kabla sijaanza kazi hii, laptopu yangu ilikwama nikaipeleka kwa fundi. Aliniuliza, "Nibakie na Desktop na Documents?" Nikasema ndiyo. Akanirudishia mashine nyepesi na flashi yenye folda hizo mbili. Rekodi za bibi yangu akisimulia kwa Kiha namna walivyokuwa wakivuka mto Malagarasi, saa mbili na dakika kadhaa za sauti yake, zilikuwa kwenye folda niliyoitengeneza mwenyewe moja kwa moja ndani ya C. Fundi hakuiona kwa sababu hakuangalia, nami sikuisema kwa sababu sikujua kama kuna tofauti. Kwenye ile flashi, juu ya Desktop, kulikuwa na alama yenye jina "Bibi". Nilipoibofya, ilikuwa njia ya mkato tu, faili la kilobaiti moja au mbili lenye kamshale pembeni, linaloelekeza mahali ambapo hapakuwapo tena. Bibi alikuwa ameshafariki.

Ndiyo maana siku hizi siulizi "nibakie na nini". Nakaa na mwenye mashine, tunazungukia pamoja. Tunaanza na folda yake ndani ya C:\Users, nayo tunaichukua yote, si Desktop na Documents peke yake. Downloads imejaa vitu ambavyo mtu hakumbuki kama ni vyake: leseni zilizotumwa kwa barua pepe, risiti, picha zilizotoka WhatsApp. Tunaangalia folda zilizotengenezwa kwenye mzizi wa C, kisha D, kisha zile za programu za hesabu, ambazo mara nyingine huhifadhi vitabu vya biashara ndani ya folda ya programu yenyewe. Anayetumia Outlook, programu ya barua pepe, huenda ana faili la PST lililobeba barua zake. Ukiliacha, umeacha kila kitu.

OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, inataka jicho la pekee. Ikiwa imewashwa, Desktop yako huenda haiko tena mahali pake pa kawaida, imehamia ndani ya folda ya OneDrive. Anayenakili ile ya zamani anapata folda tupu na kudhani kila kitu kimepotea. Kinyume chake nacho kipo: mafaili yenye alama ya kiwingu hayamo kwenye diski kabisa, yako mtandaoni, na kinachoonekana ni jina tu. Hayo huna haja ya kuyaokoa, hakikisha tu kwamba unaikumbuka pasiwedi ya akaunti.

Kuhusu pasiwedi: zile ulizozihifadhi kwenye Chrome zimefungwa kwa ufunguo unaofungamana na akaunti yako ya Windows. Kubeba folda ya Chrome na kuimwaga kwenye Windows mpya hakuzirudishi. Zitoe mapema, kwa kuziunganisha na akaunti ya Google au kuzitoa kama faili, Windows ingali inawaka.

Na kabla hujagusa bisibisi, uliza swali hili: diski imefungwa kwa BitLocker, lile kufuli la Windows? Laptopu nyingi za Windows 11 hujifunga zenyewe mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na tangu toleo la 24H2 jambo hilo limekuwa la kawaida zaidi. Mwenyewe hajui, kwa sababu mashine yake inaifungua kila siku bila kumuuliza. Siku unaichomoa diski na kuichomeka kwingine, inadai ufunguo wa tarakimu 48. Mara nyingi ufunguo huo umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft mtandaoni. Kama Windows bado inawaka, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika manage-bde -protectors -get C: na unakili tarakimu zote kwenye karatasi. Kwa karatasi nina maana ya karatasi. Picha ya skrini iliyoseiviwa kwenye diski ileile inayokufa haitakusaidia.

Namna ya kuzitoa

Ikiwa Windows inawaka na diski inasomeka, chomeka ekstano, yaani diski ya nje, na unakili, ukianza na kisichoweza kupatikana tena: hesabu, rekodi, tasnifu, picha za waliotangulia. Filamu na nyimbo ziwe za mwisho, au zisiwepo. Usiburute diski nzima kwa mkupuo, kwani faili moja bovu litakwamisha kila kilicho nyuma yake. Wanaopenda amri hutumia robocopy, amri ya kunakili iliyomo ndani ya Windows, nami huitumia, lakini lazima uifunge mkono: kwa kawaida yake ikikuta faili bovu hurudia mara milioni moja, ikipumzika sekunde 30 kila mara. Juu ya diski mgonjwa hiyo ni hukumu ya kifo. Ongeza /R:1 /W:1 ijaribu mara moja na kuendelea, na /XJ isizunguke kwenye njia za ndani zinazojirudia.

Windows isipowaka, usidhani mafaili yamekwenda nayo. Choma Ubuntu, mfumo wa bure wa aina ya Linux, kwenye flashi ya GB 8 au zaidi kwa kutumia programu ya Rufus au Ventoy, washa mashine kwa flashi hiyo (Dell na Lenovo nyingi ni F12, HP ni Esc kisha F9), chagua kujaribu bila kuipanda kwenye mashine. Diski inaonekana kama folda ya kawaida. Njia hii inasaidia sana kwenye laptopu ndogo za bei nafuu ambazo hifadhi yake imechomelewa kwenye bodi na haitoki. Mashine nyingine unafungua skrubu, unaitoa diski, unaiweka kwenye kasha lenye waya wa USB na kuisomea kwenye kompyuta nzima.

Ya mama ilikuwa na sekta mbovu zinazoongezeka, kwa hiyo ilihitaji njia ya tatu, ambayo ningependa kila fundi wa mkoa huu aijue. Inaitwa ddrescue. Ni ya bure, imo tayari ndani ya SystemRescue, Linux ya uokoaji inayowaka kwa flashi, na kwenye Ubuntu inapatikana kwa jina la gddrescue. Kunakili kwa kawaida huanza mwanzo hadi mwisho, na kikikutana na kidonda kinang'ang'ania hapohapo hadi mgonjwa afe, huku nyama nzima ya mbele haijaguswa. ddrescue inafanya kinyume. Inachota kwanza kila kinachosomeka kwa urahisi, ikikuta kidonda inaruka na kuandika kwenye ramani kwamba hapa nitarudi. Ikishavuna mazuri yote ndipo inarudi kwenye vidonda kimoja kimoja. Ukizima, ukiwasha kesho, inasoma ramani na kuendelea ilipoishia.

Kabla ya hapo nilifanya uamuzi ambao wengine wangeupinga. Kanuni safi inasema vuta nakala ya diski nzima kwanza, usiguse faili lolote. Lakini mama alikuwa na watu wa kulipa jioni, na folda yake ya hesabu ilikuwa MB 40 tu. Diski ilikuwa bado inasomeka. Nikaiwasha kwa Linux, nikaifungua kwa kusoma tu bila kuandika, nikachukua folda ile peke yake hadi kwenye flashi. Ilitumia dakika tatu, na tik mbili. Nikafungua jedwali la mwezi ule kwenye kompyuta yangu mbele yake, tukashuka hadi mstari wa mwisho, akataja jina la mvuvi wa mwisho aliyemkopesha kabla sijafika. Lilikuwapo. Akaondoka na flashi. Kama diski ingekuwa inagonga mfululizo nisingethubutu.

Kisha nikaandika:

sudo ddrescue -d -n /dev/sdb mama.img mama.map

Hapa mkono unatakiwa utulie. Cha kwanza ni diski mgonjwa, cha pili ni faili la picha ya diski litakalotengenezwa kwenye ekstano, cha tatu ni ramani. Ukivipindua unaweza kuandika juu ya mafaili unayoyaokoa. Andika kwanza lsblk, soma ukubwa wa kila diski, linganisha na kibandiko kilicho juu ya diski yenyewe. Mimi huwa naisoma amri hiyo kwa sauti kabla ya kubonyeza. Ekstano iwe na nafasi kuliko diski nzima, si kuliko mafaili tu, na isiwe na mpangilio wa FAT32, kwa sababu huo haukubali faili linalofika GB 4.

Diski ya GB 500, ikiwa nzima, kwa USB ya zamani inayopitisha kama MB 30 kwa sekunde inakula karibu saa tano. Hii ilianza saa nne asubuhi, na hadi saa kumi na mbili jioni ilikuwa imevuta zaidi ya GB 498. Feni ndogo nikaielekeza juu yake ipoe. Nikairudia usiku kwa -r3 badala ya -n, ijaribu vidonda mara tatu. Asubuhi zilibaki MB chache zisizosomeka kabisa.

Kuhusu umeme, wenyeji wa hapa hawahitaji kufundishwa. Kwa miaka mingi mji huu uliwashwa na majenereta ya dizeli, tukazoea kuishi tukisikiliza. Tumia laptopu yenye betri inayoshika au UPS, kwa kuwa kukatika ghafla kunaiongezea diski mshtuko ambao haina nguvu ya kuuhimili.

Wingu nalo watu huniuliza. Kwa mafaili madogo muhimu ni zuri, GB 15 za bure za Google zinatosha hesabu na nyaraka. Lakini piga hesabu kabla hujanunua bando: GB 100 kwa mtandao unaopandisha megabiti 5 kwa sekunde ni zaidi ya saa 44 mfululizo, na diski haina saa hizo.

Kila nikisubiri asilimia zipande huwa naikumbuka Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika. Julai 1916, Wajerumani walipoona hawana namna ila kuizamisha meli yao Graf von Götzen karibu na mdomo wa Malagarasi, mafundi walizipaka injini zake grisi nzito kwanza. Waingereza walipoiinua mwaka 1924 walikuta injini zinafaa, na mwaka 1927 ikaanza kazi ziwani kwa jina la Liemba. Ilikaa majini miaka mingi, lakini kilichoiokoa ni saa zile za kupaka grisi, watu wakijua kabisa kwamba inazama.

Kabla ya kufomati

Nakala haijawa nakala hadi umeifungua. Linganisha idadi ya mafaili na ukubwa, kisha fungua kadhaa kutoka ekstano, kwenye kompyuta nyingine, ukichagua yale makubwa na yale ya zamani. Picha ya diski hufunguka kwenye Ubuntu kama diski ya kawaida. Kwenye Windows, programu ya 7-Zip huweza kuchungulia ndani yake. Ukitaka kujua ni mafaili gani yaliyoangukia sekta mbovu, ddrescue inaweza kujaza mapengo kwa neno utakalolichagua, ndani ya nakala, halafu ukatafuta faili lipi lina neno hilo. Kwa mama yalikuwa mafaili ya Windows na video mbili za arusi. Marekebisho yoyote, iwe chkdsk au programu za uokoaji kama TestDisk na PhotoRec (hii ya mwisho inaokoa mafaili lakini inapoteza majina yake), yafanyike kwenye nakala. Mgonjwa mwenyewe mwache apumzike.

Kisha nunua diski mpya. Usipige window kwenye ile ya zamani hata kama inaonekana imepona. Kwa mashine za Windows 10 na 11 zilizokuwa na leseni halali ya kidijitali, leseni imefungamana na bodi, haipotei kwa kubadilisha diski. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kama mashine inaibeba 11, panda hiyo. Na wakati wa kufunga, chomoa ekstano. Kwenye ule ukurasa wa kuchagua diski ya kufomati, zinaonekana kama Disk 0 na Disk 1, hazina sura wala majina ya watoto wako.

Diski ya zamani niliibandika karatasi yenye tarehe na neno "MBOVU, USITUPE", na ile picha ya GB 500 nikaiacha kwenye ekstano yangu. Wiki ya tatu mama alirudi akihema. Kulikuwa na leseni ya mtumbwi wa mdogo wake, ilitumwa kwa barua pepe zamani na barua yenyewe ameshaifuta. Sehemu ilipokuwa hakumbuki. Tuliikuta ndani ya Downloads, imepewa jina la tarakimu kumi na mbili na hakuna neno hata moja. Akaniomba niichape nakala mbili.